Plagi za injini ya tabo: mwanya ni swali moja, joto ni swali jingine

Anayeuliza ni plagi zipi zinafaa injini yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, hakosi wa kumjibu. Mmoja atamwambia aweke plagi za baridi zaidi, wa pili atamwambia azibane mwanya (ile nafasi ambayo cheche huiruka) upungue, na wa tatu ataapa kwamba bila plagi zenye ncha ya metali ya iridiamu anajisumbua bure. Kila mmoja ana gari linalokwenda vizuri la kushuhudia maneno yake. Shida ni kwamba watatu hawa wanajibu maswali matatu tofauti, na msikilizaji anayeyabeba majibu yote kwa pamoja huishia kuitibu injini yake ugonjwa ambao haina. Plagi ya baridi haiondoi kule kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, kunakotokea tabo inaposhika. Mwanya mdogo hauikingi pistoni isitobolewe na moto. Na iridiamu, pamoja na sifa zake zote, haimchagulii mtu joto wala haimpimii mwanya.

Nitaanza na mwanya, kwa kuwa ndio unaosababisha malalamiko mengi na ndio unaoelezwa vibaya zaidi.

Kwa nini cheche hushindwa kuruka

Wengi huamini kwamba hewa inayosukumwa na tabo huizima cheche kama upepo unavyozima kibatari. Ni picha inayokaa vizuri kichwani, lakini inapotosha. Plagi huwasha wakati valvu zote za silinda zimefungwa na pistoni inakaribia kufika juu, kwa hiyo saa ile hakuna upepo wa tabo unaopuliza humo ndani. Ni kweli kwamba hewa iliyofungiwa huzunguka kwa kasi na huweza kuivuta cheche ikapinda, hata ikakatika. Lakini mara nyingi, injini inapomisi kwenye shinikizo la tabo, cheche haikuzimwa na kitu chochote. Haikuruka kabisa.

Hewa haipitishi umeme kwa hiari. Ili umeme uvuke kutoka elektrodi ya kati hadi ile ya pembeni, volti lazima zipande mpaka hewa iliyo katikati ielemewe na kugeuka kuwa njia. Mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti zinazohitajika kwa kazi hiyo hutegemea shinikizo la gesi likizidishwa kwa umbali uliopo kati ya elektrodi mbili. Katika hali zilizomo ndani ya silinda, ukiongeza shinikizo volti zinazodaiwa zinapanda, na ukiongeza umbali zinapanda vilevile. Ukiongeza vyote viwili kwa pamoja, umeitwisha koili, kifaa kinachoipa plagi volti zake, mzigo mara mbili.

Chukua injini isiyo na tabo ambayo plagi zake zina mwanya wa milimita 1.1, kipimo cha kawaida kabisa. Ifunge tabo inayosukuma kiasi cha angahewa moja juu ya ile iliyopo. Silinda sasa inaingiza hewa inayokaribia maradufu ya ile ya mwanzo, na pistoni inapoibana, msongamano wake mbele ya plagi nao unakaribia maradufu. Kwa upande wa koili, mwanya uleule wa milimita 1.1 umekuwa kama mwanya wa milimita 2.2 wa siku zile ambapo tabo haikuwepo. Ukiubana mwanya hadi 0.7, koili itauona kama 1.4, ukitaka irudi palepale ilipokuwa, utalazimika kushuka hadi 0.55. Hesabu hii ni ya makadirio tu, kwa sababu joto la hewa nalo lina sehemu yake, lakini inatosha kuonyesha kwa nini plagi ambayo haikuwa na kasoro yoyote jana inageuka kero leo baada ya shinikizo la tabo kuongezwa kidogo.

Taimingi, yaani wakati ambao cheche hupangiwa kuruka, nayo huongeza uzito. Tabo inaposukuma kwa nguvu, kompyuta ya injini huichelewesha cheche ili mchanganyiko wa hewa na mafuta usilipuke ovyo. Cheche inayochelewa huruka wakati pistoni imeshakaribia zaidi kilele chake, yaani wakati hewa imeshabanwa zaidi kuliko ambavyo ingekuwa kama cheche ingewahi. Hivyo hatua ileile inayoilinda injini isigonge huifanyia koili kazi kuwa ngumu zaidi.

Koili yenyewe ina kikomo, na kikomo hicho hutegemea muda inaopewa wa kujichaji. Injini ya mapigo manne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huhitaji cheche 50 kwa sekunde katika kila silinda, yaani cheche moja kila baada ya milisekunde 20. Gari lenye koili moja juu ya kila plagi hupata muda wa kutosha. Lakini gari la zamani lenye silinda nne na distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa plagi zote kwa zamu, hutegemea koili moja tu itoe cheche 200 kwa sekunde, na katika zile milisekunde 5 za kila cheche koili hiyo inatakiwa ijichaji, itoe, na ijiandae tena. Ndiyo maana magari ya distribyuta yaliyofungwa tabo ukubwani huwa ya kwanza kulalamika kuhusu mwanya.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji wa koili zenye nguvu hawalitaji sana. Koili haitoi volti zake zote kila mara. Volti hupanda mpaka pale mwanya unapokubali kuvukwa, kisha hushuka. Plagi yenye mwanya mkubwa huilazimisha koili ipande juu zaidi kila mara, mara 50 kwa sekunde, na volti hizo za juu hutafuta njia ya mkato: kupitia ufa mdogo wa mpira wa koili, au juu ya uso wa kauri hadi kwenye mwili wa chuma wa plagi. Mtu anayebadilisha koili kila baada ya muda mfupi angefanya vema kupima mwanya wa plagi zake kabla ya kuilaumu koili ya tatu.

Dalili zinazodanganya

Niliwahi kupanda gari la rafiki yangu lililokuwa na tatizo hili, nikiwa kwenye kiti cha abiria. Likiwa limesimama linanguruma, lilikuwa tulivu kama halina neno. Kwenye mwendo wa kawaida, tulivu. Kisha akaweka gia ya tatu, akakanyaga pedali ya mafuta hadi chini, tabo ikashika, na injini ikaanza kukatika-katika kama redio yenye waya unaogusa na kuachia. Alipopunguza mguu, utulivu ukarudi. Wakati huo alikuwa ameshanunua pampu mpya ya mafuta, kwa ushauri wa gereji ambayo kifaa chake kilionyesha kwamba mchanganyiko ulikuwa na mafuta haba.

Kifaa hakikusema uongo, ila kiliulizwa swali lisilo lake. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi haipimi mafuta. Hupima oksijeni iliyobaki baada ya mwako. Silinda ikikosa kuwaka, oksijeni yake yote hutoka bila kutumika, na sensa huiona oksijeni hiyo tele na kutangaza kwamba mafuta hayatoshi, ilhali mafuta yapo na yanamiminika mabichi kwenye ekzosi. Fundi anayeamini tangazo hilo huongeza mafuta, plagi zinalowana, na kumisi kunazidi. Hayo mafuta mabichi nayo hayaendi salama, kwani huwakia ndani ya kichocheo cha kusafisha moshi na kukipasha joto kuliko kinavyoweza kustahimili.

Tulipozitoa plagi nne za gari lile na kuzipanga juu ya kitambaa, zilikuwa mpya, safi, na zote zina mwanya wa milimita 1.1, vilevile zilivyotoka kwenye boksi. Hakuna aliyezipima. Tuliubana mwanya hadi 0.7, hatukugusa kitu kingine chochote, na ile redio ikanyamaza. Sisemi kwamba kila gari linalokatika hivyo litapona kwa njia hiyo. Nasema kwamba kupima mwanya kunachukua nusu saa, na pampu ya mafuta si kitu cha kununua kwa kubahatisha.

Mwanya uwe kiasi gani

Injini nyingi zilizotoka kiwandani na tabo hupewa mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8, na ambaye hajabadilisha chochote kwenye gari lake hana sababu ya kuondoka kwenye kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Injini zilizoongezewa shinikizo mara nyingi hushushwa hadi 0.6 au 0.5. Kipimo sahihi ni kile kikubwa kuliko vyote ambacho bado hakiisababishi injini kumisi, na neno la kuangaliwa hapo ni "kikubwa". Mtu anayebana mwanya hadi 0.4 kwa kudhani kwamba kidogo zaidi ni salama zaidi hulipia mahali pengine.

Malipo hayo yanatokana na namna moto unavyozaliwa. Cheche inaporuka huacha kiini kidogo cha mwali katikati ya elektrodi mbili, na kiini hicho kinatakiwa kikue haraka kabla hakijapoa. Elektrodi zikikaribiana mno, kiini huwa kidogo na vyuma vinavyokizunguka hukinyonya joto lake. Kwenye shinikizo kubwa la tabo hilo si tatizo sana, kwa sababu mchanganyiko ni mzito na huwaka kwa urahisi. Lakini injini ikiwa imesimama inanguruma, au ikiwa baridi asubuhi, mchanganyiko ni mwepesi, umechanganyika na mabaki ya moshi, na kiini dhaifu huzimika kabla hakijafika popote. Ndipo gari linapotetemeka taratibu likiwa limesimama, na mwenye gari anashangaa kwamba linakwenda vizuri tu likikimbia.

Kwa hiyo mwanya hupunguzwa kwa hatua ndogo, milimita 0.05 au 0.1 kwa wakati mmoja, na kila hatua hujaribiwa. Jaribio lifanywe kwenye gia ya juu, pedali chini, kuanzia mizunguko ya kati, mahali salama na panaporuhusiwa. Silinda hujaa hewa zaidi pale injini inapotoa msokoto wake mkubwa kuliko wote, ambapo kwa kawaida ni kwenye mizunguko ya kati na si kule mwisho wa kipimo. Koili iliyovuka hapo bila kukatika imevuka mahali pagumu zaidi, ingawa yale magari ya distribyuta niliyoyataja yana mtihani wao wa pili huko juu.

Kumbuka pia kwamba mwanya haukai pale ulipowekwa. Kila cheche hung'oa chembe ya metali, na mwanya hupanuka polepole kadiri gari linavyotembea. Injini iliyokuwa na nafasi finyu ya usalama kwa 0.75 itaanza kumisi itakapofika 0.85, bila mtu yeyote kufungua boneti.

Plagi ya baridi haitoi cheche ya baridi

Sasa swali la pili, ambalo halihusiani na volti hata kidogo. Plagi huitwa ya moto au ya baridi kwa kuangalia kasi ambayo ncha yake inaondokewa na joto la mwako. Ndani ya plagi kuna pua ya kauri inayoizunguka elektrodi ya kati. Pua ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu kabla ya kufika kwenye mwili wa chuma, na kutoka hapo kuingia kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inayopozwa na maji; ncha hubaki na moto zaidi, na plagi huitwa ya moto. Pua ikiwa fupi, joto hukimbia haraka, na plagi huitwa ya baridi. Plagi yenyewe haitengenezi joto la maana, na cheche zao ni sawa.

Ncha hiyo inatakiwa iishi kati ya mipaka miwili. Ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi za Selsiasi, masizi yanayoiangukia hayaungui, hujikusanya juu ya kauri, na kwa kuwa masizi hupitisha umeme, volti za koili huvuja polepole badala ya kuruka mwanya. Ikizidi nyuzi 800 na ushee, ncha huanza kuwa kaa la moto linaloweza kuwasha mchanganyiko lenyewe, kabla cheche haijaitwa. Tabo huongeza hewa na mafuta yanayoungua katika nafasi ileile, kwa hiyo huisogeza ncha kuelekea mpaka wa juu, na plagi ya baridi zaidi huirudisha katikati. Kazi yake inaishia hapo.

Hapa ndipo mambo mawili yanapochanganywa hata na watu wazoefu. Kuwaka kabla ya wakati ni pale mchanganyiko unapowashwa na kitu chenye moto, kama ncha ya plagi au donge la masizi, kabla ya cheche. Pistoni ingali inapanda, shinikizo linapanda dhidi yake, na inaweza kutobolewa ndani ya sekunde chache bila mlio wa kutosha kumwonya dereva. Kugonga ni jambo jingine: cheche imeruka kwa wakati wake, mwali umeanza kusambaa, lakini mchanganyiko uliobaki pembeni unaelemewa na joto na shinikizo na kulipuka wenyewe kwa mpigo. Plagi ya baridi husaidia dhidi ya jambo la kwanza. Dhidi ya kugonga haina dawa. Dawa yake ni taimingi, petroli yenye okteni inayotosha, hewa iliyopozwa vizuri kabla ya kuingia, na mafuta yasiyo haba. Mambo hayo mawili hukutana kwa njia moja mbaya: injini iliyoachwa igonge kwa muda hupasha kila kitu ndani ya silinda, pamoja na ncha ya plagi, hadi kugonga kukazaa kuwaka kabla ya wakati.

Injini za kisasa za tabo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina aina yake ya kuwaka mapema, inayotokea kwenye mizunguko ya chini pale dereva anapodai nguvu ghafla. Hiyo huchochewa sana na matone ya oili yanayoingia kwenye mwako, na ndiyo maana tangu mwaka 2018 viwango vya oili vya API (taasisi ya mafuta ya Marekani), kwanza SN Plus na baadaye SP, vilianza kuishughulikia. Anayeikabili kwa kubadilisha plagi peke yake anapiga ngumi hewani.

Namba za joto zina mtego wake. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inazidi kuwa ya baridi. Kwa Bosch na Champion, namba ikipanda plagi inazidi kuwa ya moto. Ngazi zenyewe hazilingani kwa tarakimu: 6 ya NGK inakaribiana na 20 ya Denso, 7 inakaribiana na 22, na 8 inakaribiana na 24. Kwa hiyo maneno "panda namba moja" hayana maana mpaka mtu ataje mtengenezaji. Chukua plagi ya NGK iliyoandikwa BKR6E-11. Herufi B inasema nyuzi zake za kukazia zina kipenyo cha milimita 14, K inaeleza mwili wenye pembe sita za milimita 16, R inasema ndani mna kizuizi cha umeme cha kupunguza mikwaruzo ya redio na kompyuta, 6 ni joto, E ni urefu wa nyuzi wa milimita 19, na 11 mwishoni ni mwanya wa milimita 1.1. Mwenye tabo anayetaka baridi zaidi kwa ngazi moja ataangalia BKR7E, na atakuwa ameondokana na ile 11 pia. Herufi za vipimo hazibadilishwi kwa ajili ya joto. Plagi ndefu kuliko ilivyopangwa inaweza kugongwa na pistoni, na fupi huacha nyuzi za silinda hedi wazi zijae masizi.

Ni ngazi ngapi zinatosha? Injini ya kiwandani isiyoguswa haihitaji hata moja, kwa kuwa mtengenezaji alishaihesabu tabo yake. Kwa injini iliyoongezewa nguvu, kanuni inayonukuliwa sana, ambayo hata NGK huitoa, ni ngazi moja ya baridi kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa. Naiona kuwa mwanzo mzuri wa kufikiri, lakini haisemi injini ina silinda ngapi, na plagi haijui nguvu ya gari zima. Inajua ya silinda yake tu. Nguvu farasi 100 zikigawanywa kwa silinda nne ni 25 kwa kila plagi, na zikigawanywa kwa sita hazifiki 17. Mwenye silinda nne ana sababu ya kuwahi kuliko jirani yake mwenye sita.

Kwa matumizi ya barabarani ngazi moja hutosha wengi, na mbili ni za gari lenye shinikizo kubwa linaloendeshwa kwa nguvu kweli. Anayeweka plagi za mashindano kwenye gari la safari fupi atazikuta zimejaa masizi meusi, injini inamisi, na kwa kuwa ameshasikia kwamba dawa ya kumisi ni kubana mwanya, ataubana. Hapo amelijibu swali la joto kwa jibu la mwanya, na injini itazidi kutetemeka.

Metali ya ncha

Kinachoitwa plagi ya shaba si ya shaba pale cheche inaporukia. Ncha yake ni aloi ya nikeli. Shaba ni kiini kilichofichwa ndani kwa ajili ya kusafirisha joto, na plagi za iridiamu nazo huwa na kiini hichohicho. Tofauti yao iko nchani. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, platinamu kwenye 1,768, na iridiamu kwenye 2,446. Metali inayostahimili hivyo inaweza kuchongwa nyembamba bila kuliwa haraka: elektrodi ya kati ya nikeli huwa na unene wa milimita 2.5 hivi, ilhali ya iridiamu hushuka hadi 0.6 na hata 0.4. Ncha nyembamba hukusanya nguvu za umeme mahali padogo, kwa hiyo cheche huruka kwa volti pungufu, jambo ambalo mwenye tabo analihitaji. Na kwa kuwa hailiki, mwanya hudumu.

Hata hivyo nikeli haijafilisika. Kwa mtu ambaye bado anatafuta joto na mwanya unaofaa, na ambaye atazitoa plagi mara tano kabla ya kuridhika, plagi za nikeli zinabanwa bila hofu na kutupwa bila majuto. Iridiamu iwekwe baada ya vipimo kujulikana, na inunuliwe kwa mtu anayeaminika, kwa kuwa za bandia ni nyingi na nyingine zina ncha nyembamba isiyo ya iridiamu hata kidogo.

Mkono ukiwa kazini

Kupima mwanya wa plagi mpya ya nikeli, fila geji ya kawaida, kile kifungu cha vibati vyembamba, inatosha: kibati kinachofaa hupita kwa kukwaruza kidogo, bila kusukumwa. Kwa plagi iliyotumika, kipimo cha waya wa mviringo ni bora, kwa sababu elektrodi ya pembeni huliwa na kufanya kishimo, na kibati bapa hupita juu ya kishimo hicho kikadanganya kwamba mwanya ni mdogo kuliko ulivyo. Kile kipimo cha duara kama sarafu, kinachotanua mwanya kwa kuegemea ncha ya kati, kisiguse kabisa plagi ya iridiamu. Ncha yake ni ngumu lakini hukatika kama penseli, na kuegemea huko huweza kuvunja hata pua ya kauri. Kinachopindwa ni elektrodi ya pembeni peke yake. Kuufunga mwanya, plagi hugongwa taratibu kwa elektrodi hiyo juu ya kitu kigumu, kidogo kidogo, huku ukipima kila baada ya kugonga. Kuufungua, tumia kifaa chenye ndoano kinachoivuta elektrodi hiyo bila kugusa katikati. NGK hushauri mwanya usibadilishwe zaidi ya milimita 0.2 kutoka pale ulipotoka kiwandani, kwa sababu ukipita hapo elektrodi mbili hazitazamani tena sambamba. Anayetaka 0.6 asianze na plagi ya 1.1 ikiwa modeli ya 0.8 inapatikana. Tulichofanya kwenye gari la rafiki yangu kilikuwa kipimo cha kutafuta ugonjwa. Siku chache baadaye aliweka plagi zinazostahili.

Plagi iliyoanguka sakafuni haifungwi, hata ikionekana nzima.

Kukaza kunahusika na joto moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto la plagi hutoka kupitia nyuzi na gasketi yake. Plagi iliyolegea haipitishi joto vizuri, na hapo plagi ya ngazi ya 7 hufanya kazi kama ya 6 au ya 5. Plagi za milimita 14 zenye gasketi, kwenye silinda hedi ya aluminiamu, hukazwa kwa nyutoni mita 25 hadi 30, na za milimita 12 kwa 15 hadi 20, isipokuwa mtengenezaji wa gari ameandika vingine. Asiye na spana ya kupimia mkazo akaze kwa vidole mpaka gasketi mpya ikae, kisha aongeze nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Injini iwe imepoa. Grisi ya kuzuia nyuzi zisishikane haihitajiki kwenye plagi zilizopakwa metali ya kinga. Huzifanya nyuzi ziteleze, na mkono unaodhani umekaza 28 unakuwa umepita hapo kwa mbali.

Baada ya kuliendesha gari kwa nguvu mara kadhaa, zitoe plagi na uzisome, kila moja ikiwa na namba ya silinda yake. Kauri yenye rangi ya kijivu au hudhurungi nyepesi haina kesi. Masizi makavu meusi yanasema ncha ni ya baridi mno au mafuta yamezidi. Unyevu mweusi wa oili unasema tatizo haliko kwenye plagi. Kauri nyeupe yenye malengelenge, au elektrodi iliyoanza kulainika kingo, ni ncha iliyopita mpaka wa juu, na gari lisiendeshwe kwa nguvu tena mpaka sababu ijulikane. Vijitone vidogo vinavyometameta juu ya kauri ni aluminiamu ya pistoni. Ni alama ya kugonga, na plagi ya baridi zaidi itaficha tatizo bila kuliondoa. Angalia pia sehemu ya juu ya kauri, ile inayoingia kwenye mpira wa koili: mstari mwembamba mweusi unaoshuka wima ni njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea, na hapo plagi na mpira vyote hubadilishwa. Pete ya rangi ya kahawia inayozunguka kauri pale inapokutana na chuma haina maana hiyo. Hutokana na chembe za vumbi na oili zinazovutwa na umeme na kunata, na plagi nyingi nzima hutupwa kwa sababu yake.